Msingi Mrefu Haumalizi Mafuriko ya Mpanda

Mpanda, kama Katavi yote, ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Kiangazi kinachobaki kinatosha kujiandaa, na mwenye uwezo hujiandaa kweli: anaongeza kozi mbili kwenye msingi, anamwaga kifusi uani, anainua kizingiti. Nyumba yake inapona. Maji yaliyokuwa yakikatiza uani kwake yanahamia kwa jirani mwenye kuta za tofali mbichi, na yakituama pale usiku kucha, tofali za chini zinalainika na ukuta unaanguka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kila mtu apambane na nyumba yake.

Maji ya mvua yenyewe yana nafuu. Balaa ni ya chooni. Mpanda tunategemea zaidi vyoo vya shimo na makaro, na ardhi ikishiba maji, shimo la kunyonyea halinyonyi tena. Karo linajaa, kila ndoo unayomwaga inarudi. Kinga ya bei nafuu ipo: mfuniko wa chemba ya nje uwe chini kuliko sakafu ya choo, ili uchafu ukizidi umwagikie nje, usipande hadi sebuleni. Fundi anayekadiria kwa macho bila pima maji anaweza kukosea nusu futi, na nusu futi hiyo ndiyo kila kitu. Vali ya kuzuia maji yasirudi nayo husaidia, ila ikinaswa na tambara inabaki wazi.

Lakini huko nje ni kwa nani? Tukiwa wakweli, wapo pia wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo, kwa kuwa gari la majitaka linataka fedha na mtaro hautaki kitu. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa mikoa mingi ya Bara. Hatuhitaji kufundishwa upya kinachofuata.

Wenye mamlaka hupenda kuwalaumu waliojenga bondeni. Wana hoja: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ila tangu 2021 nyumba hizohizo hukatwa kodi ya jengo kupitia umeme wa LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi, kisha 1,500 kuanzia 2023. Kulipa kodi hakuhalalishi kujenga mtoni, sawa. Lakini nyumba inayoonekana kwenye mita ya umeme haiwezi kupotea siku ya kupanga mitaro, hasa zile nyingi zilizo nje kabisa ya mita 60 ambazo hufurika kwa sababu kalavati la barabarani limezibwa na taka.

Ningeanzia kwenye mkutano wa mtaa wa Septemba. Kalavati zizibuliwe kabla ya Novemba, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iambiwe kwa maandishi mtaro upi unaishia uani kwa mtu, na nyumba za mtaa mmoja ziite gari la majitaka kwa pamoja, siku moja. Gharama hiyo ailipe mwenye nyumba. Mpangaji anayeishi kwa kodi ya mwezi hadi mwezi hawezi kugharamia karo ambalo huenda asiwepo kuliona likijaa tena, na akibanwa alipe, atasubiri mvua kama wengine.