Mbwa si zawadi ya Bonane

Kila Noeli na Bonane zikikaribia, picha ni ile ile kwenye simu za watu wa Goma na Bukavu. Mtoto wa mbwa ndani ya karto, utepe mwekundu shingoni, pembeni msichana amevaa vizuri anacheka. Chini yake wameandika kwamba hii ndiyo zawadi ya kumpa umpendaye, na bei ni kwa dolari. Juu ya chanjo hakuna neno. Juu ya chakula hakuna neno. Juu ya miaka kumi na zaidi ambayo huyo mnyama ataishi, kimya kabisa.

Tangazo la namna hiyo ni udanganyifu. Linauza mbwa sawa na kiatu au simu mpya, kitu cha kuonyesha majirani kwamba mwenye nyumba amefika. Lakini kiatu kikichakaa kinatupwa na hakimng'ati mtu. Mbwa akitupwa anashika njia, anatafuta chakula kwenye takataka za soko, na huko ndiko anakutana na watoto.

Ulaya wameshaona matunda ya mtindo huu. Uingereza, tangu mwaka 1978, shirika la kulinda mbwa linarudia neno moja: mbwa ni wa maisha yote, si wa Noeli tu. Neno hilo lilizaliwa kwa sababu mbwa waliotolewa zawadi walikuwa wanaachwa sikukuu ikiisha. Mwaka 2018 waganga wa mifugo wa inchi hiyo hiyo waliomba makampuni yaache kuweka mbwa wenye pua bapa katika matangazo. Picha zilikuwa zinawafanya wapendwe na watu wengi, wakati wengi kati yao wanateseka hata kupumua. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2021, na tangu tarehe 1 Januari 2024 maduka ya wanyama hayaruhusiwi kuuza mbwa wala paka. Anayetaka mbwa kwa mara ya kwanza anatia sahihi karatasi ya kukubali mzigo, kisha anangoja siku 7. Siku hizo 7 ni za kufikiri. Tangazo linataka mtu asifikiri.

Kuna watakaouliza: watu wanakimbia vita, wanalala chini, nani ana nafasi ya kuhurumia mbwa? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba mbwa wa mtindo akitupwa, hasara haibaki kwa yule tajiri mwenye ukuta na geti. Inaenda kwa mama ambaye mlango wake ni kipande cha plastiki. Inaenda kwa mtoto anayetumwa maji na bidoni alfajiri.

Kichaa cha mbwa si hadithi. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huo unaua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na karibu kila mara mtu anaupata kwa mbwa. Kati ya watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Hiyo ndiyo sehemu ya zawadi ambayo utepe mwekundu unaificha.

Tena, familia zilizotoka Masisi na Rutshuru zinamjua mbwa kuliko mtengenezaji wa tangazo lolote. Kijijini mbwa ana kazi: anachunga mbuzi, anabweka usiku mgeni akija, anafukuza nyani shambani. Anakula kilichobaki baada ya watu kula, lakini ana nyumba na watoto wanamwita kwa jina. Kuna waliokimbia wakamwacha nyuma na mpaka leo roho inawauma. Watu hao hawahitaji somo la kupenda wanyama kutoka kwa muuzaji anayemfungia kiumbe hai katika karto.

Pesa ni ya mwenyewe, ndiyo, na hakuna anayekatazwa kufuga. Lakini anayeuza mbwa aonyeshe karatasi ya chanjo kabla ya kutaja bei. Anayenunua ahesabu kwanza: chakula cha kila siku, chanjo ya kila mwaka, na nani atabaki na mnyama siku nyumba ikihama. Asiyeweza kujibu, anunue kitambaa. Na redio zinazopokea pesa za matangazo haya zikumbuke ni nani anazisikiliza. Zikikubali kusoma bei ya mbwa, zisome pia jambo hili, na kila mzazi alishike:

Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Kisiwekwe majani wala mafuta. Kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo kuuliza chanjo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Asingojewe mpaka augue, maana wakati huo dawa haitasaidia tena.