Utando Uozao na Usafi wa Kweli

Vichujio vitengenezwavyo kwa polima za baharini husifiwa sana kwa kuwa vikitupwa huoza, wala havibaki ardhini kama plastiki. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kuoza peke yake hakutoshi kukifanya kitu kiitwe safi.

Tuchukue mfano wa maganda ya kamba yatupwayo katika masoko ya samaki ya pwani yetu. Ndani yake mna kaitini, pamoja na protini na kalsiamu kaboneti. Asidi huyeyusha kaboneti. Sodiamu hidroksaidi huondoa protini. Kisha kaitini hupikwa katika hidroksaidi kali, aghalabu ya asilimia 40 hadi 50, nayo hugeuka kaitosani. Hiyo huyeyuka katika asidi hafifu, mfano wa siki. Uji wake ukimwagwa juu ya kioo na kukauka, huacha utando mwembamba. Utando huo, ukishaondolewa asidi iliyobaki na kutiwa katika maji ya mrututu, hugeuka buluu, kwani vikundi vyake vya amini hunasa ioni za shaba. Huweza kunasa risasi pia.

Hapa yatupasa kuuliza maswali mawili. Kwanza, ile hidroksaidi kali huenda wapi? Ikimwagwa mikokoni, tutakuwa tumeruka majivu na kukanyaga moto. Baadhi ya wataalamu hupunguza dawa hizo kwa kuchachusha maganda kwa bakteria wa jamii ile igandishayo maziwa, ambao asidi yao huyeyusha kaboneti. Njia hiyo yastahili kujaribiwa kwetu, ingawa hatua ya kupata kaitosani bado hudai uangalifu.

Pili, utando ulionasa risasi ukitupwa shambani, nini hutokea? Utando huoza, risasi haiozi. Ile sumu tuliyoitoa majini huirudia ardhi, na pengine chakula chetu. Kwa hiyo vichujio vya namna hiyo havina budi kukusanywa baada ya matumizi, hata kama vinaoza.

Walimu wenzangu, wanafunzi wakisoma kwamba kitu fulani hakidhuru mazingira, wafundisheni kuuliza: kimetengenezwa kwa nini, mabaki ya kazi hiyo yamekwenda wapi, nacho kikioza kitaacha nini? Maganda tunayo tele. Tukianza kuyatumia bila kuuliza hayo, tutahamisha uchafu tu, wala hatutauondoa.