Sikio la printa au sikio la mkono?

Novemba 2021 hospitali ya macho ya Moorfields, London, ilimpa mgonjwa jicho bandia lililochapwa kwa printa ya 3D. Tangu hapo kila nikigusia viungo bandia vya uso naambiwa mafundi wa mkono kwisha habari yao. Taratibu jamani.

Kwa njia ya zamani, fundi anakupaka usoni dawa laini ya kuchukua alama, anasubiri igande, anatengeneza kalibu ya plasta, anachonga umbo kwa nta, ndipo anamimina silikoni na kuchanganya rangi mpaka ilingane na ngozi yako. Jicho hutengenezwa kwa akriliki. Kazi inakula wiki kadhaa, na kumtuliza mtoto uso ukiwa umefunikwa si mchezo.

Kwa dijitali, mashine inapima uso bila kukugusa. Sikio la kushoto halipo? Kompyuta inageuza la kulia kama kwenye kioo. Moorfields walisema muda wote ungeshuka kutoka wiki 6 hadi 2 au 3. Hapo sibishi.

Ila kwa pua na masikio, mara nyingi printa inatoa umbo la mfano au kalibu tu. Silikoni na rangi bado ni kazi ya binadamu. Hata lile jicho lilichapwa Ujerumani, likamaliziwa na fundi London.

Sasa tuje kwetu. Tanzania tunao ndugu zetu wenye ualbino ambao jua linawaletea saratani ya ngozi, na upasuaji unaweza kuondoka na sikio au pua. Silikoni nayo huchakaa, baada ya mwaka mmoja au miwili inatakiwa nyingine. Hapa ndipo dijitali inaponivutia: faili la vipimo linabaki, na linaweza kutumwa. Mgonjwa wa Mwanza anapimwa kwao, kalibu inatengenezwa mbali, safari zinapungua.

Lakini tukipokea mashine ya msaada bila kusomesha watu wa kuchanganya rangi za ngozi zetu, itaishia kufunikwa kitambaa kwenye kona. Mgonjwa hataki teknolojia, anataka apande daladala watu wasimkodolee macho.

Msimamo wangu: tusomeshe fundi kwanza, printa ifuate. Naomba kuwasilisha. Wenye hoja tofauti, uwanja ni wenu.