Shahada ya Uzamivu Iende na Kazi Yake

Ni jambo la kawaida siku hizi, katika maofisi ya Serikali ya Unguja na ya Pemba, kumkuta mtumishi mwenye shahada ya uzamili akishughulika na barua za kuomba nafasi ya shahada ya uzamivu. Wengine wamo vyuoni, wengine wizarani, wengine hospitalini. Hamu hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, gazeti hili linaona umefika wakati wa kuulizana, wananchi na viongozi pamoja, shahada hii inamfaa nani, inamgharimu nini, na akirudi nayo inapewa kazi gani.

Kwa mwalimu wa chuo kikuu jawabu halina shaka. Kwa kanuni za vyuo vikuu nchini, mwenye shahada ya uzamili huishia cheo cha mhadhiri msaidizi. Ngazi ya mhadhiri, na zote zilizo juu yake hadi uprofesa, zinataka uzamivu. Kwake yeye shahada hii si pambo, ni mlango wa kazi yenyewe. Na faida haiishii kwake. Kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1990 kijana wa Visiwani aliyetaka shahada ya kwanza hakuwa na njia ila avuke bahari. Leo tunacho Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa Sheria Namba 8 ya 1999, na tunavyo vyuo vikuu vya Tunguu na Chukwani. Chuo kisicho na wazamivu wake wa kutosha hakiwezi kuwalea wazamivu wengine. Kitabaki kuazima walimu na kuwapeleka vijana kwa wenzao.

Zipo pia kazi za nchi ambazo haziendi bila ya utafiti wa kina. Kilimo cha mwani kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wanaokibeba mabegani mwao ni wanawake. Baadaye aina ya mwani iitwayo cottonii, ambayo bei yake ni nzuri kuliko ya spinosum, ikaanza kuugua na kufa kwenye maji mafupi kadiri joto la maji lilivyozidi. Hapo haikutosha kuwahimiza akina mama waongeze bidii. Alihitajika mtu aliyejifunza kwa miaka mingi mahusiano ya mmea, maji na joto. Dk. Flower Msuya, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja, alishirikiana na wakulima hao kujaribu nyavu za mirija ili mwani ulimwe kwenye maji ya kina, na pia kuutia thamani kwa kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine. Mkulima wa Paje hana haja ya kujua jina la shahada ya mtafiti. Haja yake ni mtu anayejua kumuuliza mwani maswali yanayofaa.

Tutoe mfano mwingine, wa kalamu. Mwanahistoria wetu Abdul Sheriff alipata shahada yake ya uzamivu London mwaka 1971, kwa tasnifu juu ya uchumi wa Zanzibar wa zama za biashara ya watumwa, pembe na karafuu. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, *Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar*, kilitoka mwaka 1987. Ni miaka 16 baadaye! Katika kipindi hicho alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye akayatumikia makumbusho ya hapa kwetu. Ofisa anayetaka faida ya mtafiti ionekane katika bajeti ya mwaka ujao na auzingatie mfano huu.

Hayo ndiyo matunda. Gharama zake hazitajwi mara nyingi, labda kwa kuwa anayezilipa huona haya kuzisema.

Karatasi ya usajili inasema miaka mitatu au minne. Mtumishi anaisaini akiwa na kazi yake, nyumba yake na watoto wake, na aghalabu hakuna kimojawapo kinachopungua. Mhadhiri msaidizi mwanamke, tuseme, anasomesha madarasa yale yale aliyokuwa akiyasomesha kabla, anasahihisha mitihani ile ile, na jioni anarudi nyumbani kupika na kuwalaza watoto. Tasnifu huanza baada ya sala ya Isha, na umeme ukikatika huishia hapo hapo. Msimamizi wake yuko Dar es Salaam. Anakata tiketi ya boti, anafika bandarini, anapanda daladala hadi chuoni, na anaambiwa mzee amesafiri, aje wiki ijayo. Akiwa ni mtu wa Pemba, safari hiyo ina bahari mbili.

Kisha kuna utafiti wenyewe. Kibali kinataka barua, na barua inataka barua nyingine. Kibali kikipatikana, inafuata safari ya kwenda kwa sheha, kisha kwa watu wenyewe, ambao wamekwisha hojiwa mara nyingi na wageni wenye madaftari na hawajaona jawabu lolote likirudi kijijini. Nauli, chakula na uchapaji wa madodoso vinatoka katika mshahara. Na atakayoyasikia kwa Kiswahili cha Micheweni au cha Makunduchi atalazimika, isipokuwa kama fani yake ni Kiswahili, kuyaandika kwa Kiingereza ambacho waliompa maneno hayo hawatakisoma.

Liko jingine ambalo vitabu vya miongozo havilisemi, nalo ni la kisiwa. Hapa mtu hawezi kujifungia. Jirani akifiwa utakwenda mazikoni na utarudi hitmani. Ndugu akioza utachanga na utahudhuria. Asiyefanya hivyo ataambiwa usomi umempandisha kichwa. Wakati huo huo watu wa mtaani wamekwisha anza kumwita "Dokta" tangu siku aliyojisajili, na kila wakikutana naye wanamuuliza: bado tu? Mwaka wa tano swali hilo ni zito kuliko ada. Tunaamini wako wenzetu walioacha njiani si kwa kushindwa na elimu bali kwa kuchoka peke yao, na wakaona aibu kumwambia mtu.

Kwa hiyo kijana anayetaka kuanza na ajiulize kwanza, kabla ya kuuliza ada ni kiasi gani: je, kazi ninayoitaka inahitaji kuvumbua jambo jipya, au inahitaji kulijua vizuri lililokwisha vumbuliwa? Mkuu wa skuli ya sekondari, mhasibu, bwana shamba, ofisa wa mipango wa wilaya, wote hao wanaweza kufika juu kabisa ya kazi zao, na kuwafaa wananchi, kwa uzamili au hata kwa shahada ya kwanza yenye uzoefu. Miaka mitano ya kukaa kazini na kuijua wilaya yako nayo ni elimu, ijapokuwa haina joho. Anayeutaka uzamivu kwa ajili ya herufi mbili mbele ya jina lake atazipata kwa bei ghali sana.

Lawama lakini haiwaangukii vijana peke yao. Serikali ndiyo inayotoa ruhusa, na mara nyingi ndiyo inayoendelea kulipa mshahara wakati mtumishi yuko masomoni. Ni haki yake kudai faida. Hata hivyo, anayerudi ameifanya kazi ya miaka mingi juu ya maji ya visima, au magonjwa ya mikarafuu, au ufundishaji wa hesabu, si ajabu akakuta kiti chake kimekaliwa, akapangiwa kusimamia vikao na posho, na tasnifu yake ikawekwa kabatini bila ya hata mkubwa wake mmoja kuifungua. Mwaka haupiti anatafuta kazi Bara au nje ya nchi, nasi tunasema hana uzalendo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini na ngama yenyewe iwe na nafasi ya kukaa mtu.

Tunayoyaomba hayahitaji fedha nyingi. Mtumishi aliye katika uzamivu apunguziwe mzigo wa kazi kwa maandishi, si kwa hisani ya mkuu wake wa idara. Vyuo viwape wasimamizi ratiba inayojulikana, na mwanafunzi anayevuka bahari apewe siku isiyobadilishwa bila ya taarifa. Vibali vya utafiti vipatikane dirisha moja, Unguja na Pemba. Na kila anayemaliza aandike muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili safi, ausome mbele ya wizara yake na mbele ya watu wa shehia alizozitafiti, na nakala ibaki huko.

Ofisi zinazoshughulikia utumishi zinaweka orodha ya watumishi walioko masomoni. Tunaomba orodha hiyo iongezwe safu mbili: swali analokwenda kulitafiti kila mmoja wao, na kazi atakayoishika siku ya kurejea. Safu ya pili ikiwa tupu, ruhusa isitiwe saini mpaka wizara husika iijaze.