Gavana akizindua ICU, usihesabu ventileta pekee

Unakumbuka 2020? Corona ilipoingia Kenya mwezi wa Machi, sote tuligeuka wataalamu wa ventileta. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wakaunda yao, tukawashangilia. Hadi leo, gavana akizindua ICU, picha ni za mashine tu.

Lakini msee, mashine haijui mapafu yako. Inapuliza vile imeambiwa.

Kuna njia mbili kuu za kuiambia. Ya kwanza, unaipangia kiasi cha hewa kwa kila pumzi. Mapafu yakikakamaa, presha inapanda. Ya pili, unaipangia presha; mapafu yakikakamaa, hewa inayoingia inapungua. Madaktari wamebishana miaka mingi kuhusu ipi ni bora, na hakuna iliyothibitishwa kuokoa maisha kuliko nyenzake.

Kilichookoa maisha ni kupunguza hewa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2000 ulifuatilia wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyoumia. Kati ya waliopangiwa mililita 12 kwa kila kilo, karibu asilimia 40 walifariki. Kwa waliopewa 6, ni asilimia 31. Njia ya kupuliza ilikuwa ile ile kwa wote.

Na kilo hizo si za mizani. Zinapigiwa hesabu kutoka kwa urefu na jinsia, kwa sababu kitambi hakiongezi mapafu. Mwanamume wa sentimita 170 anahesabiwa kilo 66, awe mwembamba ama bonge. Pumzi yake ni kama mililita 400, chini ya soda ya nusu lita. Ukitumia kilo 100 za mizani, unampa 600, na mapafu yanazidi kuumia.

Utafiti mwingine, wa Ufaransa na Uhispania, ulitoka 2013. Wagonjwa waliolemewa zaidi walilazwa kifudifudi angalau saa 16 kwa mkupuo mmoja. Vifo ndani ya siku 28 vilishuka kutoka asilimia 33 hadi 16. Hapo hakukuhitajika ventileta mpya. Ilihitajika mikono ya kumgeuza mtu mwenye mpira kooni bila kuuchomoa.

Kwa hivyo kaunti yako ikizindua ICU nyingine, piga makofi, ni haki yao. Kisha uliza: wauguzi waliofunzwa kazi hii ni wangapi? Saa nane usiku nani yuko kando ya kitanda? Na baada ya ule utepe wa kukatwa, kuna utepe wa kumpima mgonjwa urefu? Huo bei yake haifiki hata elfu moja.