Bahari Haimkomboi Mwanamke

Imekuwa desturi ya baadhi ya wahakiki wa fasihi ya Wahindi iandikwayo kwa Kiingereza kudai kwamba mwanamke akivuka bahari, minyororo yake hukatika: nyumbani ni kifungo, ugenini ni uhuru. Hukumu hii ni nyepesi, na vitabu vyenyewe vyaikana.

Shahidi wao mkuu ni Jasmine, riwaya ya Bharati Mukherjee iliyotoka mwaka 1989. Jyoti, binti wa kijiji cha Hasnapur katika Punjab, afiwa na mumewe, aenda Marekani, na huko yasemekana kuwa azaliwa upya. Lakini na tuulize: nani aliyempa majina yake? Mumewe Prakash alimwita Jasmine. Taylor, huko New York, alimwita Jase. Bud, huko Iowa, alimwita Jane. Majina matatu, wanaume watatu. Ushujaa wake haukanushiki: amuua kwa mkono wake mtu aliyemnajisi, na mwishoni amwacha Bud kwa hiari yake. Walakini amwacha ili afuatane na Taylor. Ahamaye nyumba ya huyu kwenda ya yule hajapata bado nyumba yake.

Mtazame sasa Bibi Sen katika hadithi ya Jhumpa Lahiri, iliyomo katika mkusanyo Interpreter of Maladies wa mwaka 1999. Kwao, penye sherehe kubwa, wanawake wa mtaa hukusanyika darini na kukata mboga usiku kucha kwa soga na vicheko. Marekani akata peke yake. Gari laogopesha kuliendesha. Hata samaki wa kitoweo hana budi kumwomba mume amfikishe. Kilichomfunga hapa si mila ya kwao, bali ni upweke wa ugenini.

Je, twasema basi kwamba nyumbani ni peponi? La hasha. Mtazame Ashima katika The Namesake ya mwaka 2003, ya mwandishi huyo huyo. Mara ya kwanza aliletwa Marekani na ndoa. Baadaye apata kazi ya maktaba na marafiki wake mwenyewe. Na mumewe akiisha kufa, auza nyumba na kuazimia kukaa miezi sita India na miezi sita Marekani. Safari ya kwanza alipangiwa. Hii aipanga mwenyewe.

Basi mhakiki asihesabu maili zilizosafiriwa. Na aulize nani aliyekata shauri la safari.