Tahadhari: Pipa la Zege Likiwa Njiani

Madereva wa malori, matingo, wanunuzi wa vyuma chakavu, walinzi wa maghala, nanyi mnaoishi kando ya barabara kuu: someni haya kabla mzigo haujapita.

Hospitali zimetumia mashine za kobalti-60 kutibu saratani kwa miaka mingi. Viwanda hutumia vifaa vyenye sisiamu-137 kupima ujazo wa matangi bila kuyafungua, na wakandarasi wa barabara wana vifaa vya mionzi vya kupimia ushindiliaji wa udongo na lami. Ndani ya kila kimoja mna kidonge cha chuma kinachoweza kuenea kiganjani. Kifaa kikizeeka, kidonge hakizeeki pamoja nacho. Sisiamu-137 huchukua miaka 30 kupoteza nusu ya nguvu yake, na radiamu ya tiba za kale miaka 1,600. Kwa hiyo hakitupwi. Baadhi ya vidonge huachwa ndani ya kinga yao ya madini ya risasi, vingine huwekwa katikati ya pipa la chuma la lita 200 na kuzungushiwa zege, kisha mzigo hupelekwa kwenye ghala la taifa: kwa Tanzania ni Arusha, chini ya Tume ya Nguvu za Atomu (TAEC), na kwa Kenya ni Oloolua, upande wa Ngong.

Pipa hilo likiwa zima, na likiwa na mtu anayelilinda, linatimiza kazi yake. Hofu yangu ni safari, na hasa pale gari linaposimama.

Mwishoni mwa Novemba 2013 lori liliondoka Tijuana, kaskazini mwa Meksiko, likiwa na mashine ya kobalti-60 iliyostaafishwa hospitalini. Lilikuwa linaelekea kwenye ghala la taka za mionzi katikati ya nchi. Usiku wa manane wa kuamkia Desemba 2 dereva alikuwa ameegesha kwenye kituo cha mafuta cha Tepojaco, jimbo la Hidalgo. Watu wenye silaha walimvamia, wakamfunga, wakaondoka na lori. Hakukuwa na msindikizaji. Siku mbili baadaye mzigo ulipatikana karibu na Hueypoxtla, na kidonge kilikuwa kimeshatolewa kwenye kinga yake, kimelala shambani. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilisema waziwazi kwamba kukaa karibu na chanzo cha nguvu hiyo kisicho na kinga, kwa muda wa dakika chache hadi saa moja, huenda kukaua. Ilibidi itumike roboti kukiokota, nayo ikakamilisha kazi Desemba 10.

Wezi wale walitaka lori. Hawakujua wamebeba nini, na hapo ndipo fundisho letu lilipo: hakuna haja ya gaidi. Kinachohitajika ni dereva aliyechoka, maegesho ya sheli na mtu mwenye nyundo anayetaka kuuza risasi na chuma.

Mwenye nyundo tulishamwona Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Watu wawili waliingia kliniki iliyohamwa, wakang'oa kichwa cha mashine ya tiba na kukiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sisiamu-137 uliong'aa rangi ya samawati gizani, nao ukagawanywa kwa ndugu na majirani kama kitu cha thamani. Walipoanza kutapika waliambiwa huenda wamekula chakula kibaya. Aliyeshuku ni mke wa mnunuzi, akabeba mabaki kwenye mfuko na kupanda nayo basi la abiria mpaka kwa wakaguzi wa afya. Watu wanne walikufa. Zaidi ya watu 112,000 walipimwa. Taka zilizokusanywa, udongo na vifusi vya nyumba zilizobomolewa vikiwemo, zilifikia takribani mita za ujazo 3,500, na zote zilibidi zipakiwe kwenye mapipa na makasha, zisafirishwe nje ya jiji hadi Abadia de Goiás. Kidonge kimoja kilizaa msafara wa malori.

Sasa nizungumze na wenye viwanda na wasimamizi wa karakana, kwa kuwa kosa huanzia kwenu. Kifaa kimekwisha, kibali kinachelewa, mtu anaagiza mifuko ya saruji na kukizika kidonge mwenyewe kwenye pipa la mafuta. Msifanye hivyo. Mkishamwaga zege, namba ya kidonge haisomeki tena, nguvu yake haijulikani, na wataalamu watakaolipokea pipa huenda wakalazimika kulivunja ili wajue kilichomo, jambo linalowaweka hatarini bila sababu. Tena pipa la kuhifadhia si lazima liwe kasha la kusafirishia. Kasha la mizigo midogo hujaribiwa kwa kuangushwa kutoka mita 1.2. Lile la vyanzo vikali huangushwa kutoka mita 9 juu ya sakafu isiyobonyea, kisha huchomwa kwa nyuzi 800 kwa nusu saa. Pipa lililomiminwa nyuma ya karakana halijapitia jaribio lolote, na lina uzito wa karibu nusu tani. Likibingirishwa kutoka kwenye bodi ya lori kama tulivyozoea kushusha mapipa ya lami, zege hupasuka na mfuniko hufunguka. Lipandishwe kwa kreni au foko, lisimame wima, lifungwe kwa minyororo.

Dereva, tazama kibandiko kabla hujawasha gari. Sehemu yake ya juu ikiwa ya njano, na chini ikiwa na mistari miwili au mitatu myekundu, huruhusiwi kumpakia mtu yeyote zaidi yako na wasaidizi wako wa kazi. Hakuna lifti, hata kwa askari, hata kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Utingo asipande nyuma kukaa juu ya mzigo. Kwa kawaida sheria za kimataifa huruhusu uso wa kasha utoe hadi milisiverti 2 kwa saa, na kiwango cha mwaka mzima kwa mwananchi wa kawaida ni milisiverti 1. Maana yake, pipa lililo halali kabisa, lenye karatasi zote, likiwa limefikia ukomo huo, humjaza utingo anayelikalia kiwango chake cha mwaka kwa nusu saa. Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha ni mwendo wa kutwa.

Safari ipangwe isimame mara chache iwezekanavyo. Kulala njiani kukiepukika, kuepukwe. Ghala lipewe taarifa ya saa ya kufika, na kama litakuwa limefungwa, gari lisianze safari. Madereva wawe wawili, polisi wawe nyuma, na gari lifuatiliwe kwa satelaiti. Gharama hizi si kubwa. Wanaozikata kwenye bajeti ndio wanaopaswa kuulizwa maswali kabla ya ajali.

Na ajali ikitokea? Tunajijua. Lori likipinduka, tunalikimbilia. Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu walikwenda na madumu kwenye lori la mafuta lililopinduka, likalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Mionzi haina harufu ya petroli ya kumwonya mtu. Ukiona kibandiko chenye duara dogo jeusi na mapanga matatu kama ya feni, au pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia, ondoka angalau mita 30. Kama kuna moto au moshi, mita 300, upande upepo unakotoka. Majeruhi aokolewe kwanza, kwa haraka, kwa kuwa dakika chache za kumvuta mtu nje ya kebini mara chache humdhuru mwokoaji. Ila kipande chochote kinachong'aa barabarani kisiguswe wala kutiwa mfukoni. Anayetapika saa chache baada ya kushika chuma asichokijua, au anayebabuka ngozi siku kadhaa baadaye bila moto, amwambie daktari habari za chuma hicho kabla ya kutaja alichokula.

Ila pipa zima lililopita kijijini halikuachii kitu mwilini, wala halitii sumu kwenye kisima. Kule Goiânia umati uliokuwa na hofu ulirusha mawe kuzuia maziko ya waliokufa. Kijiji kikifunga barabara kwa magogo, mzigo husimama hapohapo, usiku, mahali pasipo ulinzi. Ndiyo maana viongozi wa wilaya zote njiani waambiwe mapema, wajue kinachopita na wa kumwita.

Limebaki moja, la kupokea. Januari 2023, Australia Magharibi, kidonge cha sisiamu-137 chenye urefu wa milimita 8 kilidondoka kutoka kwenye lori lililokuwa likitoka mgodini kwenda Perth, njia ya kilomita 1,400. Inaaminika mtikisiko ulilegeza skrubu na boliti, kikapenya kwenye tundu la boliti. Lori lilifika Januari 16, lakini kasha halikufunguliwa mpaka tarehe 25. Siku tisa hizo hakuna aliyejua. Kilipatikana Februari 1, mita 2 kutoka ukingo wa barabara, baada ya magari yenye vipimo kuifagia njia hiyo. Barabara zetu zina matuta kila mji. Kwa hiyo mpokeaji apime mionzi ya pipa na dereva akiwa bado getini, akague mfuniko, ufa na lakiri, kasha la kifaa lifunguliwe na wataalamu siku hiyohiyo, namba zilinganishwe na karatasi za kuondokea. Ikikosekana hata skrubu moja, TAEC au mamlaka ya nyuklia ya Kenya ijulishwe saa hiyohiyo, na njia yote iliyopitiwa itangazwe redioni, kuanzia kituo cha mafuta cha mwisho hadi mizani ya kwanza.